Mrija Ulioziba

Siku ya gulio Kabanga mtu hatembei, anasukumwa. Mabasi yanarudi kinyumenyume bila kuuliza, wabadilisha fedha wamekaa na vibunda vyao magotini, akina mama wa upande wa Burundi wanavuka na matenga kichwani, na katikati ya msukosuko huo Nyanda alikuwa amebeba geti la chuma mgongoni kama mtu aliyehukumiwa. Alitoka nalo Biharamulo juu ya keria ya basi. Mwenye duka aliyeliagiza alikuwa ameahidi kuleta mkokoteni stendi. Mkokoteni haukuonekana, na simu ya mwenye duka ilikuwa imezimwa. Wenye nacho ndivyo walivyo, ahadi kwao ni kama mate.

Ncha ya geti ikanasa kitu. Akavuta. Kikararuka.

“Endelea tu,” sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake. “Bado hujafika kwenye upindo.”

Nyanda aligeuka na geti lake, watu watatu wakainama kwa mpigo kuokoa vichwa. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha vitenge, ameshika mkononi kitambaa kilichochanika urefu wa dhiraa nzima. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung’aa, na gauni lake la kitenge cha njano lilimshika kiuno kama limeshonewa mwilini. Kilemba cha kitambaa hichohicho kilikaa upande kidogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamwangalia kama mtu anavyomwangalia ng’ombe aliyeingia dukani.

“Dada, kosa si langu,” Nyanda akasema akihema. “Ni hawa wa halmashauri. Wamegawa vibanda mpaka njiani.”

“Halmashauri ndiyo iliyobeba geti?”

Waliokuwa karibu wakacheka. Nyanda akacheka pia, na alipocheka akashtuka, maana zilikuwa siku nyingi hajacheka. Akaona mlango wa kibanda cha yule mama unaning’inia kwa bawaba moja. Akamwambia Jumamosi atakuja kuuchomelea, iwe fidia ya kitenge. Mwanamke akasema wanaume wa Jumamosi anawafahamu, huwa hawafiki. Lakini namba ya simu alimpa. Jina lake Yuster.

Jumamosi Nyanda alifika kabla kibanda hakijafunguliwa.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Wazazi wake walitoka Shinyanga na mifugo yao wakaweka boma Nyamigogo. Yeye ng’ombe hawakumkalia moyoni, akaishia darasa la saba, akajifunza kuchomelea vyuma mjini Biharamulo. Mkewe Jovina alifariki miaka minne nyuma, akafa na mtoto tumboni, njiani, juu ya pikipiki. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumpokea mkubwa mmoja aliyekuja kukata utepe. Hayo Nyanda aliyasimulia kwa kila aliyekaa kwenye benchi la karakana yake. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa mahali. Alikula amesimama. Alianza dirisha la mtu huyu, akaliacha, akaenda kukagua mlango wa yule. Kilichomshika kidogo ni kanisa. Kanisa lao lilikuwa na sheria ngumu, nazo alizipenda kwa ugumu wake: usinywe pombe, usicheze ngoma, usilale na mwanamke asiye wako. Alizishika zote. Alijisemea kwamba kama wakubwa wa dunia wamemwibia mke, siku ya hukumu hawatamkuta na doa la kumsingizia.

Yuster naye alikuwa na lake. Alikuwa mwanamke wa Kihangaza, Mkatoliki wa kuzaliwa, kwao vijijini karibu na Rulenge. Akiwa msichana wa miaka ishirini na mitano alichumbiwa na Ndikuriyo, mfanyabiashara wa vitunguu wa ng’ambo ya mpaka. Pete ikavalishwa. Wiki mbili kabla ya ndoa akaja mwanamke kutoka Muyinga na watoto watatu akimtafuta mume wake. Sasa Yuster alikuwa na thelathini na saba, ana vitenge vyake na vyumba viwili vya kupanga, na neno moja alilowaambia wote waliomtongoza: mnaweza kuwa masikini, mnaweza kuwa na sura mbaya, uongo hapana.

Simu zikaanza. Kila jioni Nyanda anapozima mashine, simu inaita.

“Fundi wangu. Leo umemlaumu nani?”

“Tanesco. Umeme umekatika mara tatu.”

“Na jana?”

“Mtendaji.”

“Wewe hata ukijikwaa chumbani utasema mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeweka kitanda hapo.”

“Mama vitenge, huwajui hawa watu.”

“Nakujua wewe. Umekula?”

Kila Jumamosi ya pili alipanda basi, Lusahunga, Nyakahura, Ngara, mpaka Kabanga, akiwa amevaa shati jeupe ambalo alifika nalo likiwa jekundu kwa vumbi. Walikaa kwenye benchi nje ya mlango wa Yuster, mlango wazi, jirani wakipita na kusalimia. Usiku ulipokaribia alikwenda zake nyumba ya wageni. Siku moja mvua iliwakuta hapo bado mchana, mvua ya mawe, Yuster akakimbilia ndani na Nyanda akabaki amebana mgongo ukutani chini ya upenu, maji yakimchuruzika puani.

“Nikiingia humo sitatoka,” akamwambia kwa kupaza sauti.

“Ndiyo maana sijakukaribisha,” akajibiwa kutoka gizani mwa chumba, na sauti hiyo ilikuwa na joto la kumfanya mtu asahau amri zote kumi. Nyanda akageuza uso, akahesabu mabati ya jirani mpaka mvua ikapungua. Wote wawili walijivunia siku hiyo kwa muda mrefu.

Habari ya makanisa mawili waliizungumza mapema. Yuster alimwuliza padre, padre akasema ruhusa inaombwa kwa askofu na huwa inatoka, akamwandikia barua ya kuiombea. Yuster atasali kwao, mume asali kwake, Jumapili wataachana njiani na mchana watakutana mezani. Kilichobaki ni Nyanda kwenda kujitambulisha kwa baba yake Yuster, Mzee Laurian.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kila mtu anajua nyumba za Kihangaza: mgeni wa heshima anaketishwa kwenye chungu cha pombe ya ndizi, anapewa mrija, anakunywa na wenyeji. Kuukataa ni kusema nawashuku, au nina ugomvi nanyi. Akampelekea swali mzee wa kanisa, William, mtu mwenye koti la suti mvua na jua. Mzee William alifikiri, akatazama nyuma kama kuna mtu, kisha akasema jambo ni dogo. Weka mrija mdomoni, usivute. Mungu anatazama kinachoingia tumboni, wao watatazama kichwa kilichoinama. Utawaridhisha wote.

Nyanda hakumwambia Yuster neno juu ya hilo. Aliogopa atacheka, au ataogopa.

Alikwenda na kaka yake mkubwa, Maige, mfugaji wa Nyamigogo ambaye hajabatizwa na hana haraka. Nyanda alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyomkaba makwapani. Yuster aliwapokea uani amevaa gauni la zambarau, miguu peku, macho yakicheka. Wakaamkia. Mzee Laurian, mtu mwembamba mwenye nywele nyeupe, akaitikia marahaba mara nyingi kama anaonja neno. Akina mama wakabaki barazani. Chungu kikaletwa katikati, na mjomba wa Yuster, Leonidasi, akagawa mirija ya matete.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na mchezo wake, waliurithi kwa babu. Mkwe mpya hupewa mrija wa tete ambalo kifundo chake ndani hakijatobolewa. Mkwe anavuta, hapati kitu. Anavuta tena mpaka mashavu yanagusana. Mwishowe anasema, jamani, wangu umeziba. Hapo watu wanacheka mpaka machozi, anapewa mrija mzuri, na ukoo umeshakuwa mmoja. Yuster alikuwa anaujua mchezo huo tangu utotoni. Alisimama mlangoni na sinia la ndizi, akisubiri kicheko.

Nyanda aliinama. Akaweka mrija mdomoni. Akahesabu moja mpaka kumi, akainuka, akainama tena, akainuka. Akajipangusa masharubu kwa kiganja.

“Tamu, mjomba,” akasema. “Imeiva vizuri.”

Hakuna aliyecheka. Maige alikuwa ameshavuta zake mbili tatu, akaacha. Leonidasi akamtazama shemeji yake, Mzee Laurian, kisha akanyoosha mkono taratibu, akauchukua ule mrija, akatoa kisu mfukoni na kuupasua katikati. Kifundo kilikuwa pale, cheupe, kikavu, kama jino.

“Mwanangu,” Mzee Laurian akauliza, “umekunywa nini?”

Nyanda alihisi suti inamkaza. Angeweza kusema kweli hata wakati huo. Lakini mdomo una mazoea kama mguu, unakwenda njia uliyoizoea.

“Baba, si mimi. Niliambiwa na mzee wetu wa kanisa. Hawa viongozi wetu ndio wanaotufundisha hivi, sisi wadogo tunafuata tu—”

Akasikia sinia linawekwa chini. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Njiani kurudi, walipofika barabara kubwa, Maige alisimama. Kisha akasema, “Mdogo wangu, mimi niliwaambia mlangoni kwamba sijabatizwa. Wamenipa kiti. Wewe ungewaambia hunywi, wangekunyima nini?”

Wiki mbili Yuster hakupokea simu. Nyanda alichomelea dirisha juu chini, mteja akalirudisha mwenyewe kwa mkokoteni huku akitukana. Aliondoka karakana saa nne kwenda stendi, akaangalia basi la Ngara linavyojaza, akarudi. Kesho yake hivyohivyo. Na kama vile haikutosha, kuna mtu wa kanisani kwao alikuwa Rulenge siku ile akapita njia, akaona Nyanda ameinama kwenye chungu. Jumapili Mzee William mwenyewe akasimama mbele na koti lake, akatangaza kwamba ndugu Nyanda ameonekana kwenye kilevi, kwa hiyo miezi mitatu haimbi kwaya na atakaa benchi la nyuma. Baada ya ibada Nyanda alimfuata, akamkumbusha maneno yake. Mzee William akasema yeye alitoa mfano tu, na asitajwe tena kwenye mambo ya pombe.

Basi ikawa hivi: kwa wakwe alikuwa mwongo kwa kuwa hakunywa, kanisani alikuwa mlevi kwa kuwa aliinama. Alikuwa amejilinda na dhambi moja kwa bidii, nyingine ikampitia chini ya mikono. Angalau, akajipa moyo, safari hii kila mtu ataona kosa ni la viongozi. Akaazima simu ya muuza vocha akampigia Yuster. Akapokea.

“Yuster, usikate. Nimeonewa.”

“Na nani?”

Akamweleza yote: William, benchi la nyuma, yule mpita njia. Alimaliza akihema kama siku ile ya geti. Upande wa pili zilisikika sauti za soko.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, mpenzi.”

“Kama ungekataa mrija ningekutetea mbele ya baba. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua hunywi, Nyanda, ulidhani nimelisahau? Nikasema ngoja nione mwanaume wangu anavyosimama. Ukasema tamu.”

“Ni William—”

“Ndikuriyo naye alisema baba yake ndiye aliyemwoza kwa nguvu. Kila mwongo ana mtu aliyemtuma. Sikiliza, fundi. Siku utakayonisimulia jambo lililoharibika, na jina la kwanza likawa lako, nipigie. Kabla ya hapo usinipigie.”

Simu ikakatika. Nyanda akamrudishia mwenyewe simu yake, akakaa kwenye benchi la karakana, benchi lilelile la kusimulia. Safari hii hakuinuka.

Jambo lililoharibika. Alikuwa nalo moja tu kubwa, na alilisimulia mara elfu, siku zote likianza na gari la wagonjwa. Halikuanza hapo. Lilianza alfajiri, Jovina aliposhika mwimo wa mlango akasema, baba, naona ni leo, twende hospitali mapema. Naye akamwambia ngoja nimalize milango ya bohari, nakuja. Milango ile ilikuwa miwili. Aliimaliza saa nane mchana. Alipofika nyumbani Jovina alikuwa chini, na hapo ndipo akaanza kutafuta gari, gari ambalo asubuhi lilikuwepo, limeegeshwa, dereva wake anakula mahindi. Nyanda alimwona kwa macho yake akipita kwenda kazini.

Hakuwahi kulisema hilo, si kwa Maige, si kwa mchungaji, si kwa Mungu. Kwa Mungu alipeleka mashtaka ya watu wengine.

Alikaa siku tatu nalo kama mtu mwenye jino linalouma. Siku ya nne alipiga simu, kwa namba yake mwenyewe.

“Jina la kwanza ni langu,” akasema, kabla hajasalimia. Akamweleza. Alianzia alfajiri. Milango ya bohari hakuiruka. “Walimpelekea mkubwa gari, hilo ni kweli, na Mungu atawauliza. Lakini asubuhi gari lilikuwepo, Yuster. Mimi sikuwepo.”

Upande wa pili mlango wa kibanda ulisikika ukifungwa.

“Nyanda,” Yuster akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. “Pole.”

Hakuna aliyewahi kumpa pole hiyo. Zile nyingine zote alizipata kwa habari nusu.

“Sikupigii ili unirudie,” akasema.

“Najua. Ndiyo maana nimesikiliza.” Akavuta pumzi. “Jumapili baada ya misa baba yupo. Hakuiti. Mimi pia sikuiti. Nakueleza tu kwamba yupo.”

Jumapili Nyanda hakuvaa suti. Alivaa suruali ya kazi iliyofuliwa, yenye matundu ya cheche, na shati jeupe lake. Alishuka kwenye bodaboda mbali kidogo, akatembea katikati ya migomba. Wanaume walikuwa wamekaa uani kama siku ile, na chungu kilikuwepo, maana ni Jumapili na watu wametoka misa. Yuster alikuwa barazani anamenya ndizi. Hakuinua macho, ila kisu chake kilisimama.

“Shikamoo baba. Shikamoo mjomba.”

Wakaitikia. Hakuna aliyemkaribisha kukaa.

“Baba, siku ile niliongopa kwenye chungu chako,” Nyanda akasema. “Kuna mtu alinishauri, lakini aliyeinama ni mimi, na aliyesema tamu ni mimi. Sinywi pombe. Sikunywa jana, sitakunywa leo, hata kama ndiyo njia ya kumpata binti yako. Nilitaka nionekane safi kwenu na safi kwetu, nikachafuka kote. Nimekuja kuomba radhi. Nikifukuzwa nitakuwa nimestahili.”

Leonidasi alikohoa. Mzee Laurian akamtazama yule mwanaume mwenye suruali ya matundu, akigeuza mrija wake vidoleni.

“Huko kwenu wanasema pombe ni dhambi.”

“Wanasema, baba.”

“Na mimi ninayekunywa, nitaungua?”

“Mimi si hakimu wako. Nina kesi yangu.”

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Mzee Laurian hakucheka.

“Ukioa hapa, mtaalikwa kila msiba, kila harusi, kila ubatizo. Chungu kitakuwepo. Utakuwa unakimbia?”

“Nitakaa, baba.”

“Basi kaa.”

Wakamwonyesha kigoda kidogo cha miguu mitatu. Akakaa. Mirija ikaenda na kurudi, ikampita yeye kama maji yanavyopita jiwe. Walizungumza mvua, mnyauko wa migomba, ndama wa jirani aliyezaliwa na doa usoni. Hawakumsemesha. Nyanda, mtu aliyekula amesimama kwa miaka minne, alikaa. Saa ya kwanza magoti yalimcheza. Saa ya pili mgongo ulianza kumwaka moto, akawaza basi litakalomwacha, karakana, geti la mteja, na kila alipotaka kuinuka aliona kisu cha Yuster kinasimama juu ya ndizi. Akatulia. Kuna wakati fulani, hakujua ni lini, magoti yaliacha kucheza yenyewe.

Yuster alishuka barazani kuja kuondoa maganda. Akapita karibu yake, akainama kama anaokota kitu.

“Umechoka?” akanong’ona.

“Nimechoka sana. Kigoda chenu kinauma.”

“Ungesema hapana, hujachoka, ningekumwagia haya maganda.”

“Yuster. Barua ya padre bado ipo?”

“Ipo.” Akatabasamu, mwanya kati ya meno yake ya mbele ukaonekana kidogo. “Haikuchanwa. Kuna watu huwa wanachana vitu vyangu, hiyo nikaificha.”

“Nitakuoa.”

“Usiniambie mimi kwa kunong’ona. Waambie wao.”

Nyanda akainua kichwa kusema, lakini Mzee Laurian alikuwa anawatazama tayari, na wote waliozunguka chungu walikuwa wanawatazama. Mzee akaweka mrija wake chini. Akageukia barazani, kwa mkewe.

“Mama Yuster,” akasema, “mletee mkwe kiti chenye mgongo. Huyu atakaa sana.”